Uzi Mwekundu Mkarafuuni

Niko Pemba, shambani kwa ami yangu, nje kidogo ya Wete. Msimu umeshika. Alfajiri watu wameshakwea mikarafuu, jioni tunakaa barazani tukichambua, na usiku nikijilaza harufu bado iko vidoleni hata baada ya kunawa kwa sabuni.

Safari hii nimekuja na nia moja: kupiga picha tumba la karafuu kabla halijachanua. Wengi tunaoitia kwenye pilau hatufikirii kwamba ile ni ua lililokatizwa. Chukua moja kavu uitazame: kile kichwa cha mviringo ni petali nne zilizofumbatana, hazikuwahi kufunguka. Ua likichanua, kichwa hudondoka, mafuta hupungua na bei hushuka. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba zao hili, na kila msimu kisiwa kizima hukimbizana na siku ile moja ya kuliwahi tumba.

Nilichagua kishada cha tawi la chini, ninachokifikia nikisimama juu ya kreti ya soda, nikakifunga uzi mwekundu nisikipoteze. Matumba yake kumi na kitu hayakulingana. Mengine yalikuwa kijani kibichi bado, mengine yameanza kuiva wekundu kuanzia shingoni, kama shavu la mtoto aliyetoka juani.

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu nilikuwa pale, kabla upepo haujaamka, na lenzi ndogo ya makro nimeibandika kwenye simu. Kwa ukaribu ule, kichwa kikiwa safi, vile vijino vinne vinavyokishika vinaingia ukungu. Pumzi yangu tu ilitosha kulitikisa tawi. Ikabidi nichomeke kijiti ardhini, nifunge kibanio cha nguo juu yake kishike kikonyo, halafu nizuie pumzi. Siku mbili za kwanza sikupata hata picha moja ya kuweka.

Siku ya tatu nilishuka Chake Chake kwa shughuli zangu. Niliporudi alasiri, wachumaji walikuwa wameshaupitia mti wetu. Matawi yamevutwa kwa upembo, majani yametapakaa chini, na karafuu zote zimekwenda kupimwa pishi. Roho ikanidunda. Nikazunguka nyuma ya mti, nikakuta uzi wangu, na kishada kizima, hakijaguswa.

"Nimewaambia wakiache," ami alisema. "Nimeuona uzi wako, mwanangu."

Huyu ni mzee ninayemjua tangu utotoni, anayeinama kuokota hata karafuu moja iliyodondoka njiani, akaipangusa vumbi, akaitia mfukoni. Sikujua nimjibu nini. Nilimwambia ahsante, nikaona haitoshi.

Kesho yake tumba la juu kabisa lilikuwa limebadilika. Kichwa kilikuwa kimeinuka upande mmoja, kama kofia iliyosukumwa nyuma, na kwenye ule upenyo zilionekana nyuzi nyeupe zimejikunja, nyingi ajabu, zimebanana zikisubiri. Nilipiga picha 41. Moja ndiyo iliyotoka safi, kijino kwa kijino, na tone la umande limeganda shingoni.

Nikampelekea ami. Aliishika simu mbali na macho, nikamkuzia kwa vidole viwili, akaitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

"Hii ilikuwa ya kuchumwa jana," alisema.

Kisha akanirudishia simu, akaenda mkarafuuni, akayachuma yale matumba yaliyobaki yamefumba, moja moja, akayatia kikapuni. Lile la juu akaliacha. Uzi aliufungua taratibu bila kuukata, akauzungusha kidoleni, akanipa.