Saa 48 na dafnia wangu

Jana nimelala nikiwawaza dafnia. Ni viumbe wa maji baridi (yasiyo ya chumvi), ndugu wa mbali wa kamba, wadogo kama punje ya ufuta. Mwili wao ni angavu, hata ukiwatazama kwa hadubini unauona moyo ukidunda.

Ili kupima sumu, niliwatia kwenye bika (vikombe vya maabara) zenye chembe za nano, yaani ndogo mno, za madini ya fedha, zile zinazowekwa kwenye soksi zisinuke (naam, soksi!). Watano kila bika, wote hawajatimiza saa 24 tangu kuzaliwa. Saa 48 zikiisha unayatikisa maji taratibu, unahesabu wasioogelea. Kwenye dozi kubwa hakujongea hata mmoja. Sumu kubwa hapo ni ayoni za fedha, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zinazotoka kwenye chembe na kuuzuia mwili kufyonza sodiamu.

Titani dioksidi, ile ya krimu za kukinga jua, gizani ilionekana mpole. Tulipowasha taa ya urujuanimno (miale isiyoonekana, kama ile ya jua inayounguza ngozi) mambo yakageuka, ikawa sumu. Kilichonishtua zaidi ni utumbo: umejaa weupe mtupu wa chembe hizo! Dafnia huchuja maji na kumeza kila kinachopita, halafu samaki wadogo wanawala haohao.

Kesho narudia jaribio.