Bibi na mishale ya buluu

Leo nimefunzwa kazi yangu na bibi, hapa hapa Kisauni, juu ya jamvi.

Nilikuwa nasubiri kompyuta imalize hesabu za modeli ya maji ya chini ya ardhi. Zoezi la chuo: taka za nyuklia zimezikwa mwambani, mita 400 na ushei, kama ilivyopangwa kule Onkalo, hifadhi ya taka hizo Ufini. Mitungi ya shaba, nje yake bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kuzuia maji.
Mtungi ukivuja, maji yatachukua miaka mingapi kuifikisha sumu juu?

Bibi akachungulia mishale ya buluu kwenye skrini.
"Hii nini?"
"Njia za maji, bibi."
Akanyamaza. Kisha:
"Na choo kiko wapi?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikauka.

Kisima chetu na shimo la choo la jirani ni hatua kumi na tano tu (nimetoka kuzihesabu sasa hivi, kwa tochi ya simu). Na chini yetu ni mawe ya matumbawe, matundu matupu. Maji humo hayatembei, hukimbia.

Kanuni ya Darcy, ya 1856, ya mwendo wa maji ardhini, naijua kwa moyo. Kisima nakichota tangu utotoni.
Sikuwahi kuviunganisha.

Nyuklia ingoje, usiku huu nachora ua wetu.

Kwenu je, hatua ngapi? Hesabuni mniambie.