Wingu Juu ya Uthiru

Asubuhi hii nimefungua banda la kuku, harufu ya kinyesi kilicholowa ikanipiga puani hadi macho yakatoka machozi. Amonia. Papo hapo nikamkumbuka Mjomba na lile karai pale uani Uthiru.

Ilikuwa 2008. Mbolea ilikuwa imepanda bei hadi Mama akapanda mahindi bila hata kiganja kimoja. Mjomba, mwalimu wa kemia, akaja Jumamosi na paneli ya sola ya kuchajia betri ya TV. Akapasua mawe mawili ya redio, akatoa vijiti vya kaboni, akaviunga kwa nyaya na paneli na kuvisimamisha karaini. Maji akayatia magadi ya Mama ya kupikia maharagwe. Mimi nilikuwa nimeleta chumvi; akanizuia, akasema itatoa klorini.

Akafunika kila kijiti kwa mrija wa kioo uliojaa maji. Nikachuchumaa. Vipovu vidogo kuliko punje za sukari vikajishika kwenye kijiti cha hasi, vikanenepa, vikaachia, vikapanda. Upande wa pili vilikuja kwa uvivu. Nikapima kwa kidole: gesi ya mrija huu ilizidi ile ya pili karibu mara mbili.

“Hiyo nyingi ndiyo hidrojeni,” akasema. “Ukiikutanisha na naitrojeni ya hewa hii tunayovuta, juu ya chuma, kwa joto la nyuzi 450 hivi na mgandamizo mkubwa sana, unapata amonia. Mbolea ya dada yangu inaanzia hapo.”

Ndipo wingu likapita. Kipande tu, wala si la mvua. Vipovu vikapungua, vikatoka kimoja kimoja, vikakoma. Sote watatu tukatazama juu, kimya, hadi jua liliporudi na karai likaanza kuchemka upya.

“Na usiku je, ndugu yangu?” Mama akauliza.

Mjomba akaelekeza kidole kwenye vilima vya Ngong. “Usiku kuna upepo.”

“Kila usiku?”

Hakujibu. Akawasha kiberiti mdomoni mwa mrija, ukalia pu! Nikaruka.

Mwaka 2023, serikali ilipozindua hapa Nairobi mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, yaani ile inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua, upepo na kadhalika, nilifurahi kwelikweli, lakini masikioni nilimsikia Mama. Mtambo wa amonia hupenda kwenda mchana na usiku. Joto lile na mgandamizo ule haviwashwi na kuzimwa kama taa. Naamini itawezekana. Sijui kama ni kabla Mama hajachoka kulima.

Nimejaza magunia mawili ya kinyesi. Jumamosi nampelekea.