Vinundu vya mapafu kwenye CT: mengi huharibika kabla mtandao haujaanza kujifunza

Tuseme unafunza mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kutoka kwa mifano, utafute vinundu (vidonge vidogo vya nyama visivyo vya kawaida) kwenye picha za mapafu za CT, eksirei zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Kinundu cha milimita 6 hakizidi sana punje ya choroko. Kiweke ndani ya kifua cha mtu mzima, halafu mwambie mtu akitafute katika vipande 300 vya picha, kila kimoja cha 512 kwa 512. Hizo ni vokseli (nukta za picha zenye pande tatu) zaidi ya milioni 78. Ukizisawazisha zote ziwe milimita 1 kila upande, choroko yako itabaki na vokseli kama 113 tu. Ndiyo maana kosa la milimita chache, ambalo usingelijali kwenye picha ya kawaida, hapa linakupotezea kinundu kizima.

Data nzuri ya kuanzia ni LUNA16: skani 888 zilizochujwa kutoka LIDC-IDRI, hazina ya skani za mapafu ya Marekani, zile ambazo unene wa kipande hauzidi milimita 2.5. Kila skani ilisomwa na madaktari wanne wa radiolojia, na vinundu 1,186 vilivyokubaliwa na angalau watatu kati yao ndivyo vinavyohesabiwa. Imeshagawanywa katika mafungu 10, kwa hiyo huna sababu ya kubuni mgawanyo wako. Skani ni jozi ya faili: .mhd yenye maelezo na .raw yenye namba za picha, na mahali pa kila kinundu pameandikwa kwa milimita, si kwa namba za vokseli.

Hapo ndipo wengi huteleza. SimpleITK, maktaba ya kusoma picha za tiba, ikikupa picha kama safu ya NumPy (jedwali la namba la Python), mpangilio ni z, y, x, lakini orodha ya vinundu ni x, y, z. Ukisahau kugeuza, programu hailalamiki. Itakukatia kipande cha ubavu, itakibandika jina la kinundu, na mtandao utajifunza uongo huo kwa bidii. Tena baadhi ya skani zimepinduliwa: fungua .mhd yake uone TransformMatrix yenye -1. Kwa hiyo usipige hesabu ya kugeuza milimita kuwa vokseli wewe mwenyewe, tumia TransformPhysicalPointToIndex ya SimpleITK. Kisha chora visanduku 20 vya kwanza ulivyokata kuzunguka vinundu uvitazame kwa macho yako. Kinundu kisipokaa katikati, usiendelee na lolote.

Kama picha zinatoka hospitali moja kwa moja kwa DICOM, muundo wa faili za picha za hospitali, panga vipande kwa ImagePositionPatient, sehemu ya faili inayosema kipande kiko wapi. Jina la faili halitoshi. Umbali kati ya vipande upate kwa kutoa nafasi za vipande viwili vinavyofuatana. Usichukue SliceThickness (unene wa kipande), kwa sababu vipande vya milimita 2.5 vinaweza kupangwa kila milimita 1.25, vikilaliana. Ukikuta mahali pamoja umbali umeruka mara mbili, kuna kipande kimepotea njiani. Na ile picha ya kwanza ya kupangia skani, iliyo bapa kama eksirei, iondoe.

Sasa namba zenyewe. Kwenye kipimo cha Hounsfield, kinachopima msongamano kwenye CT, hewa ni -1000, maji 0, mafuta karibu na -100, na mfupa mgumu huvuka 1000. DICOM haihifadhi namba hizi moja kwa moja: zidisha kwa RescaleSlope, ongeza RescaleIntercept, namba mbili zilizomo kwenye faili. Hakiki kwa kusoma mafuta yaliyo chini ya ngozi. Yakikuonyesha mia tisa na kitu, hujaongeza intercept. Baadhi ya mashine hujaza -2000 au chini yake nje ya duara la picha, kwa hiyo bana kila kitu kati ya -1000 na 400 kabla ya kukipeleka kwenye 0 hadi 1.

Ukitenga mapafu kwa kizingiti, yaani kila kilicho chini ya namba fulani, tuseme -400, kihesabiwe pafu, kuwa mwangalifu. Kinundu kilichogusa utando wa pafu kina msongamano wa nyama, kwa hiyo kizingiti kitakiona ni ukuta wa kifua na kukikata nje. Ziba mashimo ya kinyago (ramani ya vokseli za mapafu uliyopata) na ukipanue milimita 5 hadi 10. Kinundu kilichotupwa hapa hakuna mtandao utakaokirudisha.

Kuhusu mtandao nina machache. Tumia wa 3D, unaotazama vipande vingi kwa pamoja. Mshipa wa damu unaokatiza kipande huonekana mviringo sawasawa na kinundu, na tofauti ni kwamba mshipa unaendelea kwenye vipande vya juu na chini. Kisanduku cha milimita 48 kila upande kinaonyesha hilo, na kadi ya michoro (GPU) ya GB 8 inatosha kwa mtandao mdogo wenye visanduku 16 kwa mkupuo. Geuza, zungusha, sogeza milimita 2 au 3, maana kwenye matumizi halisi kinundu hakitakaa katikati kama kwenye mafunzo.

Tatizo zito ni uwiano. Orodha ya kwanza ya LUNA16 ina mahali 551,065 pa kushukiwa, na pa kweli ni 1,351 (kinundu kimoja kinaweza kuwa na mahali zaidi ya pamoja). Modeli inayosema "hapana" kila mara inapata usahihi wa asilimia 99.75 na haijaona kinundu hata kimoja. Lisha nusu kwa nusu wakati wa kufunza, ila kumbuka kuwa mtandao huo sasa unaamini nusu ya dunia ni vinundu. Kizingiti cha 0.5, alama ambayo juu yake modeli husema "kinundu", hakina maana tena, kichague upya kwenye data ya uhakiki yenye uwiano wake wa asili. Upimaji uwe FROC: umepata vinundu vingapi kwa kengele za uongo 1/8, 1/4, 1/2, 1, 2, 4 na 8 kwa kila skani.

Ukiuleta mtandao huo kwetu Afrika Mashariki, kuna kifua kikuu. Huacha makovu na vinundu vyenye chokaa, ambavyo kwa kawaida daktari huvitambua kwa ung'avu wake. Sasa chukua kinundu cha chokaa chenye kimo cha milimita 4 na Hounsfield 300, ndani ya kipande cha milimita 5. Milimita 1 iliyobaki ni pafu la -800. Wastani ni 1,200 kutoa 800, gawanya kwa 5: unapata 80. Hiyo ni namba ya nyama laini, na kovu la zamani limegeuka kitu cha kutilia shaka. Hakuna kufunza upya kutakakorudisha chokaa iliyopotea kwenye wastani. Zungumza mapema na mtaalamu anayeendesha mashine ahifadhi vipande vya milimita 1 pamoja na vile vya 5, kabla data ghafi haijafutwa.