Mstari wa chini ulipotea, fundi akataka kupiga Windows upya

Nina steshenari hapa Msamvu, Morogoro. Mwaka 2013 nilikuwa natumia Pentium 4 ya mtumba yenye Windows XP, na mashine hiyo moja ndiyo iliyokuwa inalipa kodi ya fremu. Ulikuwa msimu wa ripoti za fildi, wanafunzi wa vyuo wameniachia kazi za kuchapa, zote nimezipanga deskitopu. Asubuhi nawasha kompyuta: aikoni zipo, picha ya nyuma ipo, ule mstari wa chini, wenyewe wanauita taskbar, haupo. Kitufe cha Start hakionekani, saa haionekani, na nikifungua ripoti mbili sina pa kubofya kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Jana yake jioni mtoto wa dada yangu alikuwa ameshika mausi wakati mimi nahesabu rimu za karatasi, basi nikajua pa kuanzia.

Nikampigia fundi. Hakunisikiliza hata dakika moja. "Dada, hiyo Windows imekufa, niletee niipige upya, nifute yote niweke nyingine, elfu thelathini na kitu hivi." Nikamuuliza kazi za wateja je? Akasema zilizoko deskitopu zitafutika, nitafute flashi kwanza. Mpaka leo jibu lile linaniudhi. Mlango umekwama, mtu anakushauri ubomoe nyumba! Na ni wangapi wamekubali, wakapoteza kazi za watu kwa jambo kama hili?

Kijana wa duka la jirani naye akaniambia, "Umejificha tu huo, sogeza mausi mpaka chini kabisa utapanda." Kweli XP ina uwezo wa kuuficha mstari, ukigusa ukingo unajitokeza. Nikagusa chini, nikatambaza mausi kutoka kona hii hadi ile, wapi. Halafu nikakumbuka kwamba mstari ule na aikoni za deskitopu vyote vinaendeshwa na programu moja, explorer. Nikabonyeza Ctrl, Alt na Delete, likafunguka dirisha la Task Manager lenye orodha ya programu zinazofanya kazi, nikaiua explorer kwenye orodha hiyo. Skrini ikabaki tupu, hakuna hata aikoni moja, na moyo ukanienda mbio kwa sababu nilidhani ripoti za watu zimeondoka nazo. Lile dirisha lilikuwa bado wazi, nikaingia File, New Task, nikaandika explorer, Enter. Aikoni zikarudi zote. Mstari haukurudi.

Kilichoniokoa ni Ctrl na Esc. Vitufe hivyo viwili hufungua menyu ya Start hata kama kitufe chenyewe hukioni. Nikavibonyeza, na menyu ikachomoza juu, kona ya kulia! Nilikaa nikaitazama. Menyu ya Start huwa inafungukia pale kitufe kilipo, kwa hiyo mstari ulikuwa upande wa kulia wa skrini, umebanwa mpaka umebaki uzi mwembamba. Sisi wote tulikuwa tunautafuta chini.

Nikapeleka mausi ukingo wa kulia, taratibu, mpaka kishale kikawa na vichwa viwili. Nikabana, nikavuta kuelekea kushoto, na mstari ukafunguka wote, saa na kila kitu. Kuurudisha chini nako kuna jambo lake: usishike kitufe cha programu, hausogei. Shika sehemu iliyo wazi, uburute mpaka ukingo wa chini, uachie. Nilifurahi nikapiga makofi peke yangu dukani. Kisha nikabofya kulia juu yake nikaweka tiki kwenye "Lock the Taskbar", maana ungekuwa umefungwa hivyo tangu mwanzo, mtoto asingeweza kuuhamisha wala kuubana.

Siku hiyohiyo nikarekebisha na mambo mengine yaliyokuwa yananisumbua. XP mstari ukijaa hukusanya faili zote za Word kwenye kitufe kimoja, na mteja amesimama mbele yako unamfungulia ripoti ya mwenzake. Nikaubofya kulia tena, nikaingia Properties, nikatoa tiki ya "Group similar taskbar buttons". Nikaufungua kufuli kidogo, nikavuta ukingo wa juu ukawa na safu mbili, nikafunga tena. Sasa kila ripoti ina kitufe chake na jina la mwenyewe linasomeka. Pale pembeni mwa Start nikawasha Quick Launch, sehemu ya aikoni ndogo za kufungulia programu haraka, nikaburutia Word na ile programu ya skana.

Saa nne mwenye ripoti ya kwanza akaingia. "Shikamoo dada, kazi yangu tayari?" Nikambofyia jina lake pale chini, nikamchapia, nikambaindia, akaondoka nayo.