Mpini wa nyundo ya piano: soma ufa kwanza, gundi baadaye

Mwenye piano iliyokatika nyundo hupewa ushauri ule ule na kila mtu: tia supaglu, itashika. Inashika kweli, ila inashikamanisha na vitu visivyotakiwa kushikamana, na ushauri huo umenichosha. Piano ya wima niliyoimaliza hivi karibuni, ya kanisa moja la Tanga, ilikuwa na mipini mitatu iliyovunjika, yaani vijiti vyembamba vinavyobeba vichwa vya nyundo za kugonga nyuzi. Mmoja ulikuwa haujaguswa. Miwili ilikuwa imetiwa supaglu na aliyenitangulia, nayo ndiyo iliyonitoa jasho.

Nianze na ule mwepesi. Ufa wake ulikuwa wa mshazari, zaidi ya sentimita tatu. Mpini una unene wa milimita 5.5 hivi; ufa ukiwa na urefu wa mara nne au tano ya unene huo, gundi inapata eneo la kutosha na kiungo kinakuwa imara. Ufa mfupi uliokata moja kwa moja usihangaike nao. Ncha za nyuzinyuzi za mti hunywa gundi yote, kiungo kinabaki kikavu, na mpini unatikiswa kila nyundo inapogonga. Huo ni wa kubadilisha.

Palipovunjika usipapige msasa kamwe! Kila unyuzi una mahali pake pa pekee pa kurudi. Kutanisha vipande vikavu mpaka mstari wa ufa upotee, ndipo upake gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili kwa njiti ya meno. Kibano ni uzi wa pamba wa kushonea, uzungushwe kwa kukaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa sababu kibano cha chuma hukandamiza upande mmoja na kuupinda mpini. Futa gundi inayochuruzika kwa kitambaa chenye unyevu, uache saa 24. Uzi ninauacha hapo hapo. Uzito wake kidole hakiusikii.

Ile miwili sasa. Mmoja ulikuwa na ufa mrefu mzuri kabisa, lakini supaglu ilikwishaziba vinyweleo vya mti na hakuna gundi nyingine ingeingia. Mpini ambao ungepona kwa uzi na gundi ya bei ya soda ukalazimika kutupwa. Wa pili ulikuwa na balaa zaidi. Supaglu nyepesi hutiririka kama maji: ilishuka kwenye mpini, ikapita kitako cha nyundo, kile kipande cha mbao ambamo mpini umechomekwa, ikaingia kwenye bawaba, kiungo kidogo ambacho kitako huchezea. Ndani ya bawaba mna pini ya shaba nyeupe yenye unene wa milimita 1.3 hivi, imebanwa kwenye kitako, na ncha zake mbili zinazunguka ndani ya felti (sufi iliyoshindiliwa) nyekundu zilizo kwenye masikio ya bawaba. Gundi ikifika kwenye felti inaigeuza jiwe, na nyundo haichezi tena.

Pini haikutoka kwa kusukumwa, na kulazimisha ni kupasua sikio la bawaba. Nikatia tone la asetoni kila upande kwa sindano ya sirinji, nikasubiri, nikarudia, mpaka pini ikaanza kusogea mbele ya msumari mwembamba niliouchonga ncha bapa. Felti ngumu niliikwangua kwa biti iliyozungushwa kwa vidole. Drili ingepanua tundu. Halafu nikakata ukanda wa felti mpya, ncha moja imechongoka, nikauvuta kupitia matundu yote mawili, nikapaka gundi sehemu za mwisho tu kabla hazijaingia, nikapitisha pini ya muda kuishikilia. Ilipokauka nikakata ziada kwa wembe mpya. Pini ya kudumu inapanda saizi moja. Kipimo changu: shika kitako, inua bawaba hadi ilale, uiachie. Iteremke polepole kwa uzito wake yenyewe. Ikianguka pu, imelegea; ikining'inia, imebana.

Kutoa kisiki cha mpini kwenye kitako, anza na biti ya milimita 3 katikati kabisa, ongeza taratibu mpaka libaki ganda la kung'oa kwa ncha ya kisu. Biti kubwa ikikutana na supaglu, iliyo ngumu kuliko mti, inakwepa na tundu linakwenda kombo. Urefu wa mpini mpya pima kwa nyundo ya jirani.

Kuunganisha mpini mpya ninatumia gundi ya ngozi za wanyama, ile ya punje. Iloweke kwenye maji baridi usiku kucha, uipashe chombo ndani ya chombo cha maji ya moto kwenye nyuzijoto 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu. Uzuri wake ni muda: inakupa nafasi ndogo ya kugeuza kichwa cha nyundo mpaka kikabili nyuzi zote tatu za sauti yake sawasawa, kisha inaganda na kukishika hapo hapo. Fundi atakayekuja baada ya miaka hamsini ataifungua kwa mvuke bila kuvunja kitu.

Epoksi naitumia pale tu mbao imepotea, mathalani kitako kilichomeguka pembe, ikichanganywa na unga wa mbao. Chukua ile inayokauka kwa saa nyingi. Ya dakika tano ni laini zaidi.

Supaglu nayo ina kazi yake. Kichwa cha nyundo kikilia "tak" kwa sababu kiungo chake kimelegea, tone moja la ile nyepesi linaingia lenyewe na mlio unakwisha. Ila kwanza toa nyundo, uishike bawaba ikiwa juu na kichwa chini, ili gundi isipate njia ya kurudi. Ikimwagika usifute kwa pamba: pamba na supaglu vikikutana hutoa joto la kuunguza ngozi, hata moshi. Iache ikauke, kisha uikwangue.