Kanzu Ndogo ya Hana

Bwana asifiwe, wapendwa. Nilikuwa nimeandaa neno juu ya Pentekoste. Nimeliweka kando, maana wiki hii kuna shati moja limeninyima usingizi.

Kitindamimba wangu amemaliza shule ya msingi Alhamisi. Huku Marekani wanamaliza na darasa la tano. Mimi niliyezoea miaka sita ya Kongo nilikuwa bado nahesabu mwaka mmoja mbele. Mnaonijua mnajua nilimzaa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikiwa na miaka 46, wakubwa zake tayari wana watoto wao, na kwenye foleni ya maji wenzangu walikuwa wakilitazama tumbo na kunyamaza. Ndiyo maana nalishika sana neno la Sara aliyezaa uzeeni, Mwanzo 21:6, Mungu amenifanyia kicheko. Tulipofika Louisville mwaka 2019 alikuwa na miaka mitano, ameukumbatia ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, wenye karatasi zetu kama abebavyo mtu mtoto mchanga.

Jumatano jioni, kabla sijaenda kazini, nikamwambia avae shati jeupe la Pasaka ya mwaka jana nilione. Mikono ilikoma vidole vinne juu ya kifundo. Kifungo cha shingoni kilikataa kabisa. Nikamwuliza, "Umekua lini wewe?" Akacheka. Mimi sikucheka. Nafanya kazi ya usiku kiwandani mwaka wa nne huu. Nikirudi, yeye anapanda basi; akirudi, mimi nimelala. Nikiamka namkuta amekaa mezani na madaftari. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona amesimama wima mbele yangu nikamtazama.

Na kuna lingine. Barua ya mwaliko wa sherehe ya kumaliza shule ilikuja wiki tatu nyuma. Barua zote za nyumbani kwetu husoma yeye. Hiyo aliisoma, akaikunja, akaitia chini kabisa ya mkoba wake. Niliijua kwa mama mmoja wa Uvira aliyeniuliza nitavaa kitenge gani. Nikadhani mtoto ananionea aibu, mimi mzee nisiyejua Kiingereza katikati ya mama vijana. Moyo uliniuma siku mbili. Nilipomwuliza alijibu kwa sauti ndogo, "Nilijua utakuwa umelala, Mama."

Hakuwa na aibu. Alikuwa ananihurumia, na alishazoea kuwa mama hayupo.

Usiku ule kazini andiko la 1 Samweli 2:19 halikuniacha. Tumezoea kuhubiri Hana, mama yake Samweli, Hana wa machozi, Hana wa nadhiri. Tunampeleka mtoto hekaluni, tunasema amina, tunafunga Biblia. Lakini mama yake alikuwa akimshonea kanzu ndogo na kumletea mwaka kwa mwaka. Hebu fikirini kazi ya ile kanzu. Samweli yuko Shilo, Hana yuko Rama. Hajui leo kuhani Eli amemfundisha nini, wala hajui kazi za madhabahuni. Lakini akikaa chini kushona ni lazima ajiulize: mabega yake sasa yamefika wapi? Mkono umerefuka kiasi gani? Kwa mwaka mzima alimbeba mtoto katika vipimo. Alimtoa kwa Bwana, lakini hakuacha kumpima.

Watoto wetu nao wanakua katika nyumba ya wengine. Wakubwa wa huyu walisoma kambini kwa Kifaransa, mtaala wa Kongo ndani ya Tanzania, na mimi niliishia darasa la nne kwetu Fizi, Kongo. Hata hivyo niliweza kufungua madaftari yao nikajua palipo na kosa. La huyu nikilifungua sioni kitu. Basi nikajisemea, mwalimu anajua, mimi nitafute kodi ya nyumba. Wapendwa, hapo ndipo nilipopotea, na najua siko peke yangu. Wana wa Eli walikulia hekaluni pale pale, wakawa watu wasiofaa. Huhitaji Kiingereza kujua mwanao amekonda, au siku hizi hali chakula, au amenyamaza tangu Jumapili. Mpime! Mwite asimame mbele yako!

Nami niseme wazi, hata kama mtakasirika: tuache kuwageuza watoto wakalimani wetu. Mtoto wa miaka tisa anamsomea mama yake ugonjwa wake mbele ya daktari, halafu usiku tunataka alale vizuri? Hospitali na shule zinazopokea fedha za serikali zinatakiwa na sheria ya nchi hii zitupe mkalimani bila malipo. Taja Kiswahili, watapiga simu. Barua ya shule uliza shuleni kwenyewe. Mimi nilimpa wangu barua zote, na akajifunza kunichagulia zipi zinanihusu.

Alhamisi nilikwenda. Nilitoka kazini, sikulala, nikavaa kitenge, nikakaa mstari wa nyuma. Mama mmoja akaniuliza kama mimi ni bibi yake. Walipoita majina, lake sikulitambua, maana ni jina la babu yake wa Fizi na lilikuwa limevunjwa mifupa yote. Nilimtambua kwa mwendo. Ana mwendo wa marehemu baba yake, bega la kushoto limetangulia. Kigelegele kikanitoka peke yangu, ukumbi mzima ukageuka. Naye akageuka, akaniona, akacheka meno yote nje. Mikono ya shati alikuwa ameikunja hadi kwenye viwiko, ufupi wake usionekane.

Jana nimetoa cherehani kabatini. Nilimsimamisha mlangoni nikampima mabega, mkono, kifua, naye analalamika kwamba utepe unamtekenya. Shule mpya inafungua Agosti. Kitambaa nimeshakikata, na kwenye mikono nimeongeza vidole vitatu.